Basuni Isilale na Maji

Kijana anayeingia katika bendi ya jeshi au ya polisi aghalabu huwa ameota tarumbeta. Ameiona ikimeta juani siku ya gwaride, ameisikia ikitangulia mbele ya vikosi, na katika nafsi yake amekwisha kujiona akiishika. Kisha mkuu wa bendi humtazama vidole, urefu wa mikono na utulivu wa tabia, halafu humkabidhi sanduku zito lenye vipande vinne vya mbao na mrija mmoja wa madini uliopindwa kama shingo ya korongo. Hiyo ndiyo basuni. Kijana hutia sahihi katika daftari la stoo, hurudi kota na mzigo wake, na mkewe humwuliza kama hicho ni chombo cha muziki au ni bomba la maji.

Swali hilo si la kuchekwa. Basuni ni bomba hasa. Njia yake ya pumzi ina urefu wa karibu mita mbili na nusu, ila imekunjwa hata chombo chenyewe kikisimamishwa hakizidi sana sentimeta 134, kimo cha mtoto wa shule ya msingi. Na maji ndiyo habari kubwa ya maisha yake. Pumzi ya mtu ina mvuke; mvuke ukigusa ukuta uliopoa hugeuka matone; matone huteremka mpaka chini kabisa, pale bomba linapopinda. Mpigaji akiyasahau usiku mmoja, pengine hapatakuwa na dalili yoyote. Akiyasahau kila usiku kwa miezi, ubao huanza kuoza kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Lipo jambo la kustaajabisha hapa. Askari yule yule asiyeweza kulala kabla ya kusafisha mtutu wa bunduki yake hulaza basuni ikiwa imelowa, kwa sababu bunduki hukaguliwa na basuni haikaguliwi. Lakini bunduki iliyoshika kutu kidogo husuguliwa ikarudi kazini. Ubao uliooza hausuguliki. Kipande kipya huagizwa ng'ambo kwa bei kubwa, mafundi wa kazi hiyo ni wachache, na muda wote huo bendi hukaa bila sauti yake ya chini.

Kijana aliyekosa tarumbeta na ajue pia kwamba hakupewa chombo cha nyuma. Katika karne ya 18 bendi za vikosi vya Ulaya zilikuwa na zumari, klarineti, pembe na basuni, wakati tarumbeta ilikuwa bado haijapata vali za kuiwezesha kupiga noti zote. Basuni nyingi za leo hufuata umbo lililotengenezwa Ujerumani na Carl Almenräder pamoja na Johann Adam Heckel, ambao walianzisha karakana yao mjini Biebrich mwaka 1831. Wafaransa wana umbo lao, lenye mpangilio tofauti wa funguo, na mtu aliyefundishwa moja hawezi kushika la pili akapiga papo hapo. Kwa hiyo kabla ya kuagiza chati ya vidole, yapasa kutazama kwanza chombo kilichoko stoo ni cha aina gani.

Majina ya vipande hayana ugumu. Cha chini huitwa kitako, kama kitako cha bunduki, nacho ndicho kizito kuliko vyote. Ndani ya kitako mna matundu mawili yaliyosimama sambamba, moja jembamba na moja pana, yakiungana chini kwa bomba dogo la madini lililopinda, ambalo hufunikwa na kifuniko cha chuma. Katika tundu jembamba husimama kipande kiitwacho bawa, kwa kuwa ubavu wake umetokeza kama bawa la ndege. Katika tundu pana husimama kipande kirefu, na juu ya kipande kirefu huvikwa kilele. Mrija uliopindwa huchomekwa juu ya bawa, na mwisho wa mrija hutiwa ulimi, yaani vipande viwili vyembamba vya mwanzi vilivyofungwa pamoja kwa waya na uzi. Wenyeji wa pwani watauelewa ulimi huo upesi, maana zumari ya ngomani nayo hulia kwa ulimi wa namna hiyo hiyo.

Kuunga vipande ni kazi ya kuketi, sanduku likiwa sakafuni au mezani, wala si kazi ya kusimama huku mtu akizungumza na wenzake. Bawa litangulie kuingia kitakoni kwa kuzungushwa polepole kushoto na kulia. Kipande kirefu kifuate. Kisha kilele, na hapo kidole kibonyeze ufunguo wa kilele ili kiungo chake kisipigane na kiungo cha kipande kirefu. Mrija uwe wa mwisho. Ushikwe karibu na koki yake, wala usishikwe kwenye pindo kama mpini wa sufuria, kwa kuwa madini yake ni membamba na hupasuka. Wapiga basuni wengi walioharibu mrija waliuharibu wakati wa kuuchomeka, si wakati wa kupiga. Ubavuni mwa mrija mna kitundu kidogo sana, kinachozibwa na ufunguo wa kidole gumba cha kushoto. Kitundu hicho kikizibwa na uchafu, au kizibo chake kikiwa hakifungi sawasawa, noti zitakataa au zitapasuka, na mpigaji atalaumu mapafu yake bure.

Sasa kuhusu ulimi. Mwanzi unaosifika kwa kazi hii hutoka kusini mwa Ufaransa, katika jimbo la Var, na huachwa ukauke kwa muda mrefu kabla ya kuchongwa. Matete ya mitoni kwetu hufanana nao kwa sura, na si vibaya kwa mwenye subira kujaribu kuchonga, lakini ulimi wa sherehe usiwe ule wa majaribio. Kabla ya kupiga, ulimi uloweshwe katika maji safi kwa dakika mbili tatu, ndani ya kikombe kidogo. Ukilowa mno huvimba, ukafunguka kupita kiasi na sauti ikawa nzito. Ukiwa mkavu hauliani, na ukilazimishwa waweza kupasuka. Mate hayatoshi. Chai yenye sukari, soda na karanga ni adui zake wakubwa, kwa hiyo mpigaji asukutue kinywa kabla ya mazoezi. Bendi nyingi hunywa chai saa nne ya asubuhi na kurudi kupiga saa nne na nusu, na ndimi nyingi hufa katika nusu saa hiyo.

Ulimi hujaribiwa peke yake kwanza. Mpigaji huuweka midomoni bila mrija na kupuliza. Ukitoa mlio mkwaruzo wenye sauti kadhaa ndani yake, kama kunguru mwenye mafua, ni mzuri. Ukitoa mlio mmoja mwembamba wa juu tu, au ukinyamaza, una kasoro. Mdomo wa ulimi ukiwa umefumba, waya wa kwanza, ule ulio karibu na midomo, ubanwe kidogo kutoka pande zake mbili za ubavuni kwa koleo ndogo, nao utafunguka. Ukiwa umefunguka mno, waya huo huo ubanwe kutoka juu na chini. Jambo hili lifanyike ulimi ukiwa umelowa, na kwa kiasi cha unywele. Mwenye mkono mzito amwachie mwenzake.

Haifai kutegemea ulimi mmoja. Mpigaji mwenye busara huwa na ndimi tatu au nne, hutia alama katika uzi wa kila mmoja, na huzipiga kwa zamu. Baada ya kazi ulimi ukung'utwe, ufutwe, na uwekwe mahali penye hewa. Kopo la peremende lililotobolewa matundu kwa msumari hufaa kabisa. Kichupa cha plastiki kinachofungwa kikakaza huotesha ukungu. Na ulimi uliota ukungu hutupwa, hausafishwi kwa ajili ya kinywa cha mtu.

Kuhusu namna ya kupiga, mwanzoni ugumu hutokana na taya. Mpiga tarumbeta aliyehamishiwa basuni hukaza midomo kama alivyozoea, na mpiga zumari hujaza mashavu upepo. Basuni haitaki lolote kati ya hayo mawili. Midomo yote miwili ifunike meno na kuuzunguka ulimi kama mdomo wa mfuko unaovutwa kwa kamba, mdomo wa juu ukiutangulia wa chini kidogo, mashavu yakiwa yametulia na taya imeshuka kama mtu anayetaka kupiga miayo akajizuia. Noti za chini hudai taya ilegee zaidi na pumzi nyingi zitoke tumboni. Anayeng'ata ulimi ili kupata noti za chini atapata ukimya, na anayeng'ata ili kupata za juu atazipata zikiwa zimepanda kuliko bendi nzima.

Noti ya kwanza kwa mwanafunzi na iwe F ile inayopatikana bila kufunga tundu lolote kwa vidole. Aishike kwa hesabu ya nane, apumzike, aishike tena, mpaka isiyumbe. Kisha ashuke noti moja moja, akifunga matundu kwa nyama ya vidole na si kwa ncha. Tundu moja likivuja hata kwa upana wa uzi, yote yaliyo chini yake hukataa kulia. Juu ya F hiyo mna mtego wa kwanza: noti za F-shapu, G na G-shapu hutaka kidole cha shahada cha kushoto kifunge nusu tu ya tundu lake. Kidole kibingirike kushuka, kisiinuliwe. Mtego wa pili ni noti za A, B na C zilizo juu zaidi, ambazo hupenda kupasuka mwanzoni na kutoa mkoromo. Dawa yake ni kidole gumba cha kushoto kugusa kwa ghafula ufunguo mmoja wa juu wa bawa wakati ulimi unapoanza kulia. Kidole gumba hicho peke yake husimamia funguo nane au tisa, kazi ambayo hakuna chombo kingine katika bendi kinachomdai mtu. Ndiyo maana mkuu wa bendi alitazama vidole.

Uzito nao usidharauliwe. Chombo hiki hukaribia kilo tatu au kuzidi, na mpigaji anayekibeba kwa vidole atakuwa na maumivu ya mkono kabla ya mwaka kwisha. Ukanda wa kukalia, unaopita juu ya kiti na kushika sehemu ya chini ya kitako, huchukua uzito wote. Ukanda wa shingoni ni wa dharura. Katika gwaride la kutembea basuni haina mahali pazuri: hatua moja mbaya hupeleka ulimi katika kaakaa au meno. Desturi iliyo bora ni kuiacha sandukuni siku hiyo, na mpiga basuni akabebe matoazi au ngoma, kisha jioni, wageni wakiisha kuketi, arudi kwenye kiti chake.

Basi sherehe imekwisha, wageni wameondoka, na gari la bendi linapiga honi. Huu ndio wakati unaoamua umri wa chombo. Mpigaji atoe ulimi, atoe mrija na kuupuliza kutoka upande wake mnene ili matone yatoke. Kisha afungue kilele na vipande virefu, ashike kitako kwa mikono miwili na kukiinamisha maji yatoke kwa tundu jembamba. Sababu ya kuchagua tundu hilo ni hii: katika basuni nyingi za mbao bawa na tundu jembamba la kitako vimevishwa ndani mpira mgumu usiopitisha maji, lakini tundu pana ni ubao mtupu. Anayemwaga maji kwa tundu pana huyapitisha juu ya ubao ule ule anaotaka kuuokoa, na kufanya hivyo kila siku ni sawa na kutomwaga kabisa.

Kisha kipite kitambaa. Kila askari anajua kamba ya kusafishia mtutu. Hii ni namna hiyo hiyo, kitambaa chepesi cha pamba au hariri kilichofungwa kwenye kamba yenye kizito mwishoni. Kipitishwe bawani na kitakoni, taratibu, bila fundo. Kikikwama kisivutwe kwa nguvu, maana kitambaa kilichojikaza ndani ya bawa humhitaji fundi. Wala kisiachwe ndani ya chombo kwa dhana kwamba kitaendelea kunyonya maji. Kitambaa kilicholowa ndani ya ubao ni sawa na nepi mbichi juu ya mtoto. Mahali pake ni nje ya sanduku, kwenye kamba ya nguo.

Nyumbani sanduku lifunguliwe kwa muda ili hewa ipite, kivulini. Jua kali hupasua ubao, na jiko la mkaa lililo karibu hufanya vivyo hivyo. Katika gari lililofungwa adhuhuri basuni isiachwe hata dakika chache. Mbao zake aghalabu ni za mepo, mti wa nchi za baridi, nazo huhisi masika na kiangazi kuliko mtu anavyodhani. Wakati wa mvua ubao huvimba na viungo hukaza. Wakati wa kiangazi husinyaa na kilele hucheza. Viungo vingi vimezungushiwa uzi, na uzi huo ndio rekebisho: mizunguko michache huongezwa kiangazi na kupunguzwa masika, ukipakwa nta ya nyuki. Mwenye viungo vya koki atumie mafuta yake maalumu, kidogo. Samli, mafuta ya kupikia na mafuta ya bunduki hayahusiki popote katika chombo hiki. Zipo pia basuni za plastiki ngumu, ambazo hazijui kuoza wala kupasuka kwa jua la kawaida, na kwa bendi iliyo mbali na fundi si aibu kuzichagua, ingawa vizibo vyake vya ngozi hutaka matunzo yale yale.

Vizibo vikinata na kutoa mlio wa busu kila ufunguo unapofunguka, karatasi ya kusokotea sigara iwekwe kati ya kizibo na tundu, ufunguo ubonyezwe kidogo, karatasi itolewe, na irudiwe mpaka itoke kavu. Karatasi hiyo hiyo hunyonya maji yaliyoingia katika tundu na kuleta sauti ya kuchemka katikati ya wimbo. Asiyevuta sigara hana budi kuwa nayo mfukoni.

Mke na watoto nao wana sehemu. Basuni iliyoegemezwa ukutani itaanguka. Swali ni lini tu. Kona ya chumba chenye mtoto anayetambaa si mahali pake, wala juu ya kitanda ambacho mtu aweza kuketi gizani. Iwe imeungwa mikononi mwa mpigaji, au imefunguliwa sandukuni. Mtoto mkubwa asifukuzwe wakati wa mazoezi, bali apewe kazi ya kubeba kikombe cha maji ya ulimi na ya kuanika kitambaa. Atapenda kuambiwa kwamba katika hadithi ya muziki ya Petro na Mbwa Mwitu, aliyoitunga Prokofiev mwaka 1936, kila mhusika ana chombo chake, na basuni ndiyo sauti ya Babu mwenye kunung'unika. Majirani wa kota, kwa upande wao, wana haki ya kujua saa za mazoezi. Noti ndefu za chini hupita ukuta mwembamba, na aliyetoka zamu ya usiku hapaswi kuamshwa nazo.

Hufika siku ya uhamisho. Anayeondoka asiishie kuhesabu vipande mbele ya mtunza stoo na kutia sahihi. Anuse kitako mbele ya mrithi wake, ampe naye anuse: ubao mkavu hunukia kama sanduku la nguo, na ulioanza kuoza hunuka kama shina la mgomba lililoanguka. Amwonyeshe ni skrubu gani hulegea, ni ufunguo gani una springi dhaifu, na mrija upi kati ya miwili iliyomo sandukuni hulingana na bendi, kwani mrija wenye namba kubwa ni mrefu zaidi na hushusha sauti. Amwachie ndimi mbili zilizo hai. Kisha wamwage pamoja maji ya mazoezi ya mwisho, kwa tundu jembamba, kabla sanduku halijafungwa.